Haipimiki

Kwenye faili la Bombo, mbele ya neno Usemi,
daktari aliandika: Mgonjwa ni bubu. Haipimiki.
Kalamu ya buluu. Kisha akageuza ukurasa.

Majirani wa Barabara ya Nane walikuja na uji,
wakaketi mkekani, wakamshukuru Mungu:
"Kiharusi kimpige asiye na ulimi, hapo pana nafuu.
Angepigwa mwalimu wa madrasa, tungesema hasara."
Mama akawasoma midomoni,
akawaongezea sukari.

Mimi nilijua alichokuwa nacho.
Baba yangu Shehoza, fundi cherehani, kiziwi tangu surua ya utotoni,
alikuwa na maneno hata mdomo ukijaa pini.
Alinigombeza toka ng'ambo ya barabara,
baiskeli zikipita katikati ya sentensi,
asidondoshe hata nukta.
Aliwasengenya wateja mbele ya macho yao
huku anawapima kiuno.
Kwake nilijifunza kwamba nyusi zikipanda ni swali,
na kwamba jina langu ni vidole viwili shavuni,
hapa penye kishimo.

Sasa mkono wa kulia umelala pajani
kama kitambaa ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua.
Wa kushoto ni mzima. Mzima kabisa:
unafukuza nzi, unafunga kifungo.
Muulize watu wanakunywaje chai, atakuonyesha,
atapuliza na mvuke usiokuwepo.
Lakini mwambie aitaje chai,
aitaje kwa alama yake, ile ya kila asubuhi kwa miaka arobaini,
mkono unapanda, unasita kidevuni,
unashuka mtupu.
Akitaka sindano, kidole kinachokuja ni cha mwisho
badala ya kile cha shahada.

Hilo si kosa la mkono.
Ni kama wewe utake paka, ulimi ukuletee pata.
Neno limevunjikia ndani,
pale pale linapovunjikia la mwenye kusema kwa kinywa,
upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio
ambalo halijamfaa kitu maishani.

Wiki ile ile nikaikuta nafasi:
shahada ya uzamivu, lugha za alama na ubongo,
miaka minne, posho, tiketi ya kwenda na kurudi.
Anatakiwa mtu mmoja.
Nikaitazama hiyo shahada, nikakumbuka kidole.
Nikaitazama na hiyo uzamivu, nikacheka peke yangu,
maana mtoto wa Tanga mimi,
na Raskazone sijawahi kuvuka maji ya magoti.

Fomu ikauliza: Lugha yako ya kwanza?
Orodha ikashuka. Kireno kimo. Kiswahili kimo.
Kilatini kimo, na wenyewe walishakufa.
Nikabonyeza Nyinginezo.
Eleza swali la utafiti, maneno mia tatu.
Niliandika: Baba yangu. Nikafuta.
Niliandika: Mgonjwa mwenye umri wa miaka sitini na moja. Nikafuta.
Niliandika: Je, ubongo unajali kama lugha imepita hewani kwa sauti
au kwa mikono? Nikaiacha,
ingawa jibu lake limekaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki
likisubiri kuogeshwa.

Umeme ukakatika.
Nyumba nyingine giza likiingia watu hupaza sauti.
Kwetu giza ndilo ukimya: mikono yote inatua,
kila mtu anabaki na lake mpaka taa ipatikane.
Mama namsikia jikoni akipapasa kiberiti.
Hajui kama namsikia.

Ndipo kitu kikanigusa shavu.
Kidole kimoja, cha kushoto, kikitetemeka,
kikatafuta, kikakipata kishimo,
kikabonyeza mara mbili.

Kwa mwanga wa simu nikaandika daftarini:
Alhamisi, saa mbili na robo usiku.
Mahali: sahihi. Mwendo: sahihi.
Umbo la mkono: pungufu, kidole kimoja badala ya viwili.
Hakuombwa.

Chaji imebaki asilimia kumi na moja.
Dirisha linafungwa kesho.